Mpira wa wenye CP: Paralimpiki waliutoa kwa nini, na timu yetu ya taifa iko wapi?

#1 Baba Hamadi

Wakuu habari za jioni.

Nina kijana wa miaka 11, ana CP, yaani cerebral palsy. Ndiyo ile hospitali waliniandikia mtindio wa ubongo. Yeye imemshika upande wa kulia, mkono na mguu. Shule anakwenda vizuri tu, hesabu ananipita. Ila ugonjwa wake mkubwa ni mpira. Jioni huku Mbagala wenzake wakigawana timu yeye huokotwa wa mwisho, lakini akishaingia kiwanjani kumtoa ni kazi. Mguu wa kushoto unachapa, wa kulia anauburuta tu kama mzigo wa mtu mwingine.

Juzi kaniletea simu nikiwa nakula. "Baba, tazama, kuna Kombe la Dunia la watu kama mimi." Nikatazama. Ukraine wanacheza na Iran. Yuko mmoja mkono umekunjamana kifuani, kisigino hakigusi chini, anakimbia vilevile kama mwanangu. Dogo akaniuliza, "Ya Tanzania inacheza lini?" Tonge likanikwama.

Nikaanza kusoma. Naona mchezo huu ulikuwepo Paralimpiki, ile Olimpiki ya wenye ulemavu, mpaka Rio 2016, kisha ukaondolewa. Kwa hiyo nina maswali mawili: waliutoa kwa nini? Na huku kwetu mbona sijawahi kuisikia timu hii? Wajuzi karibuni.

#2 Kipa wa Kanyigo

Natia nanga hapa. Ngoja waje.

#3 Chumbageni Boy

Baba Hamadi acha kutudhalilisha, timu ipo! Tembo Warriors hujawasikia? Mwaka 2021 mashindano ya Afrika yalifanyika hapahapa Dar, wakakata tiketi ya Kombe la Dunia, 2022 wakaenda Istanbul wakafika robo fainali. Timu kubwa kabisa hiyo.

#4 Refa Mstaafu

Chumbageni, umeingia kwa kasi umepiga nje. Tembo Warriors ni timu ya waliokatwa viungo. Wachezaji wa ndani wana mguu mmoja na magongo mawili, kipa ana mkono mmoja. Wanastahili sifa zote ulizowapa, ila huo ni mchezo mwingine, una shirikisho lake na kombe lake.

Anaouliza Baba Hamadi ni wa wenye CP, pamoja na watu walioumia ubongo kwa kiharusi au kwa ajali ya kichwa. Hakuna magongo, wanakimbia kwa miguu yao miwili, kila mmoja na mwendo wake. Kinachowachanganya watu ni hesabu, kwa sababu michezo yote miwili ni watu saba.

Uwanja wao ni kama mita 70 kwa 50, goli lina upana wa mita 5 na kimo cha mita 2. Kila kipindi nusu saa. Kuotea hakuna. Na mpira wa kurusha, mchezaji anaruhusiwa kuubiringisha kwa mkono mmoja, maana wengine mikono miwili haiwezi kupanda juu ya kichwa.

#5 Chumbageni Boy

Nimekubali, nimepigwa na kitu kizito. Ila kuotea hakuna?? Kumbe maisha yangu yote nimecheza mchezo usio wangu.

#6 Kipa wa Kanyigo

Wewe hata kwenye foleni ya mkate unaotea.

#7 Msemakweli77

Jibu la swali la kwanza ni rahisi: udanganyifu. Wahispania Sydney 2000 walipeleka watu wazima wenye akili zao wakajifanya mataahira, wakachukua dhahabu, baadaye mwandishi wa habari aliyekuwa ndani ya timu akawaumbua. Paralimpiki wakachoka wakautupa nje. Mtindio huohuo.

#8 Fizio wa Bukoba

Msemakweli, hapo umechanganya mafuta na maji.

Kashfa ya Sydney ilikuwa ya mpira wa kikapu, tena wa watu wenye ulemavu wa akili. Wachezaji 10 kati ya 12 wa Hispania hawakuwa na ulemavu wowote. Adhabu ikawaangukia wenye ulemavu wa akili, wakakaa nje mpaka London 2012. Mpira wa CP haukuguswa. Mwaka huohuo 2000 Urusi walichukua dhahabu, na baada ya hapo ulichezwa Athens, Beijing, London na Rio.

Sikulaumu sana, neno lenyewe ndilo linaloponza. Huku kwetu "mtindio wa ubongo" mtu analitumia kwa CP, mwingine kwa ulemavu wa akili, wa tatu analitumia kumtukana jirani. CP ni hitilafu kwenye sehemu ya ubongo inayoendesha misuli, inayotokea mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au utotoni kabisa. Amri inatoka juu, inafika mguuni imepindapinda. Wapo ambao na akili imeguswa, na wapo wengi ambao haikuguswa hata kidogo.

#9 Baba Hamadi

Asante Fizio. Na Msemakweli, bila ugomvi mkuu, hilo neno taahira tuliweke pembeni humu. Dogo anasoma huu uzi kwenye simu yangu.

#10 Msemakweli77

Nimelipokea, samahani kwa dogo. Ila hoja yangu ya udanganyifu bado ipo palepale, nitarudi nayo.

#11 Mnazi wa Bondeni

Salaam kutoka Sydney, mzaliwa wa Tanga.

Tangazo lilitoka Januari 2015, miezi mingi kabla ya Rio. Paralimpiki walisema mpira wa watu saba na mashua za tanga havitakuwepo Tokyo 2020, badala yake wanaingia badminton na taekwondo. Sababu waliyoitoa ni uenezi. Kanuni yao inataka mchezo wa timu uwe unachezwa kwa upana na mara kwa mara katika nchi zisizopungua 24, kwenye kanda tatu za dunia. Wakasema hawa hawajatimiza. Paris 2024 haukurudi, na Los Angeles 2028 haumo.

Mwezi huohuo wa tangazo ndipo mchezo ulipopata shirikisho lake peke yake, IFCPF. Zamani ulikuwa chini ya chama kilichobeba michezo yote ya wenye CP. Nimewahi kufikiri kwamba walipata nyumba yao siku waliyofukuzwa mjini.

#12 Msemakweli77

Nchi 24 ni kisingizio. Tazameni mataji, nimeyahesabu: Ubelgiji 1984. Uholanzi 1988, 1992, 1996. Urusi 2000. Ukraine 2004 na 2008. Urusi tena 2012. Ukraine tena 2016. Fainali Beijing ni Ukraine na Urusi, fainali London ni Urusi na Ukraine. Nani atanunua tangazo la televisheni kutazama ndugu wawili wanapokezana kombe? Wakubwa wa biashara walichoka.

#13 Mkisumu

Kwa hesabu hiyo basi mbio za kuruka viunzi na maji wangezifuta kitambo. Sisi Wakenya tulichukua dhahabu ya wanaume kila Olimpiki kuanzia 1984 hadi 2016 bila kuruka hata moja. Hakuna aliyesema ng'ooeni hiyo bwawa.

#14 Msemakweli77

Mkisumu hapo nyie mlistahili kufutwa hahaha.

#15 Mama Wawili

Mimi nadhani ni kwa sababu ulikuwa wa wanaume tu. Miaka yote hiyo ya Paralimpiki hakuna medali ya wanawake kwenye mchezo huu. Kombe la Dunia la kwanza la wanawake wenye CP limechezwa 2022 tu, Salou, Hispania. Marekani wakachukua, Australia wa pili, tena timu ya Australia ilikuwa imeundwa mwaka huohuo. Dunia ya sasa mchezo wa wanaume peke yao hauna mtetezi mezani.

#16 Refa Mstaafu

Mama Wawili, ningekuunga mkono ila kuna shimo. Mpira wa wasioona nao Paralimpiki ni wa wanaume tu, na wameuacha. Umechezwa Tokyo, umechezwa Paris.

#17 Chumbageni Boy

Wa wasioona una kengele ndani ya mpira, mashabiki wanaambiwa nyamazeni, wachezaji wamefungwa vitambaa. Mtu akiwasha televisheni anaelewa sekunde ya kwanza. Huu wa CP mtu anawasha anaona watu wanacheza mpira, anabadilisha chaneli. Hiyo ndiyo sababu, wala msizunguke.

#18 Fizio wa Bukoba

Chumbageni leo umepata moja. Niliwahi kuwaonyesha wanafunzi wangu video ya mechi hizi bila kuwaambia kitu. Mmoja akasema, "Mbona huyu winga mvivu wa kugeuka kulia?" Si mvivu, upande huo misuli inakaza kila anapoongeza kasi. Ukiwa na jicho la kazi yetu unaona, na jicho la kawaida linamwona mchezaji mbovu.

Hapo ndipo penye ugomvi wa madaraja, na Msemakweli asikimbie hoja yake, ina mbegu. Zamani walipangwa kuanzia C5 mpaka C8. C5 ni aliyekakamaa miguu yote miwili. C6 ni wale ambao mwili unayumba au mikono na miguu inajinyonganyonga yenyewe. C7 upande mmoja, C8 aliyeguswa kidogo. Siku hizi ni FT1, FT2 na FT3, na FT3 ndiye mwepesi kuliko wote. Kanuni inasema dakika zote uwanjani lazima awepo angalau FT1 mmoja, na FT3 asizidi mmoja. Kwa hiyo kila kocha duniani anamtafuta FT3 ambaye karatasi inamwita FT2. Anapimwa kitandani, anapimwa kwa mazoezi, halafu wanamtazama kwenye mechi yenyewe. Mtu akijilegeza kitandani, uwanjani anajisahau.

#19 Msemakweli77

SI NILISEMA. Udanganyifu.

#20 Fizio wa Bukoba

Nimesema ugomvi. Riadha na kuogelea kuna ugomvi huohuo na havijaondolewa.

#21 Mkisumu

Swali. Hawa Ukraine wanatoa wapi wachezaji? Nchi iko vitani na bado wanachukua Kombe la Dunia?

#22 Mnazi wa Bondeni

Ukraine wana mfumo wa serikali unaitwa Invasport, wa tangu miaka ya 1990 mwanzoni. Kila mkoa una kituo na shule ya michezo ya watoto wenye ulemavu, na makocha wanalipwa mshahara. Mtoto haokotwi akiwa na miaka 20 kwa bahati, anaingia mapema. Walikuwa na kituo kikubwa Yevpatoria, kule Crimea, wakakipoteza 2014. Na bado Rio wakachukua dhahabu.

Rio yenyewe ina kisa chake. Urusi walikuwa mabingwa watetezi, wakafungiwa kwa doping, nafasi yao wakapewa Iran. Iran wakaingia kwa mlango wa nyuma wakafika fainali, Ukraine wakawafunga 2-1 kwa muda wa ziada.

Sasa huku nilipo ni tofauti. Timu ya wanaume ya Australia inaitwa Pararoos, ya tangu 1998. Mwaka 2014 serikali ikawakatia fedha, kama dola 175,000 za Australia kwa mwaka, kwa kuwa hawakuonekana kama watafuzu Rio. Wakabaki kuchangiwa na watu mitandaoni. Tangu Paralimpiki ya Sydney 2000 hawakucheza tena nyumbani mpaka Novemba 2019, walipowaalika Canada hapa Cromer Park. Nilikwenda na mabinti zangu wawili. Nilichokumbuka mpaka leo ni sauti. Mpira wa kawaida miguu ina mdundo mmoja, ta-ta-ta-ta. Pale kila mchezaji alikuwa na mdundo wake: ta-taa, ta-taa, mwingine ta-ta-shwaa, mguu unakwangua nyasi. Binti yangu mdogo akafumba macho, ananitajia nani kapata mpira. Australia walishinda siku ile.

#23 Baba Hamadi

Mnazi, hiyo ta-taa naisikia kila jioni kwenye korido. Najua amerudi kabla hajagonga mlango.

#24 Nesi Mstaafu

Hamjambo wanangu. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka 31, naomba nisogeze swali la pili, maana la kwanza mmelitafuna mpaka mfupa.

Kule Ulaya watoto wengi wa CP ni njiti waliookolewa. Kwetu orodha haifanani. Wapo waliokosa hewa uchungu ulipochelewa. Wapo waliopata manjano makali siku za kwanza, mama akaambiwa amwanike juani asubuhi, kumbe alihitaji taa ya bluu siku ileile. Wapo waliopona malaria ya kichwani au homa ya uti wa mgongo, wakabaki na mguu mmoja wa kuburuta. Mimi mwenyewe nimewahi kuwa zamu ya usiku, akina mama wanne wanasukuma kwa pamoja, mpira wa kumpulizia mtoto hewa ni mmoja. Unampa nani? Hospitali siitaji, na swali hilo sitaki mnijibu.

Watoto hawa wengi hawafiki umri wa kucheza. Uganda, wilaya za Iganga na Mayuge, walihesabu nyumba kwa nyumba, matokeo yakatoka 2017: karibu watoto watatu kwa kila 1,000 wana CP. Na kadiri umri ulivyopanda, idadi ilipungua. CP haiponi, kwa hiyo mnajua walikokwenda. Wanakufa kwa nimonia, kwa kushindwa kumeza, kwa utapiamlo. Timu yenu ya taifa inaanza kuishia pale.

#25 Kipa wa Kanyigo

Aisee.

#26 Fizio wa Bukoba

Shikamoo mama. Nakubaliana nawe nusu. Wanaokufa zaidi ni wale wazito, ambao mpira huu usingewachukua. Wao mchezo wao ni bochia, ule wa kurusha vimpira ukiwa kwenye kiti. Wanaocheza mpira ni wepesi na wa kati, na hao wapo wamejaa mitaani. Hawahesabiwi kwa sababu hawaji hospitali. Anayetembea kwetu haonekani mgonjwa.

#27 Nesi Mstaafu

Marahaba. Wa kati nao wanakufa, mwanangu. Degedege halichagui daraja. Ila hiyo nusu yako nakuachia.

#28 Mfukoni

Mimi huwa msomaji tu humu. Nina miaka 34, nafanya kazi ghala Temeke. Mkono wangu wa kushoto unakaa mfukoni tangu darasa la tano. Mguu wa kushoto ni mwembamba, suruali inaficha. Nyumbani waliniambia nilianguka nikiwa mchanga, bibi akasema nilipepewa na upepo mbaya. Nacheza winga timu ya kazini, wananiita Wembe kwa sababu nakata upande mmoja tu. Neno CP nimelijua kwenye uzi huu, kwenye bandiko namba 8. Fizio, mimi nina hii kitu?

#29 Fizio wa Bukoba

Mkuu kwa maandishi siwezi kukupima, nenda kwa mtaalamu wa viungo au wa mishipa ya fahamu akuone. Ila ulivyoeleza, mkono na mguu wa upande mmoja tangu utotoni, ni jambo la kuulizia. Na ukigundulika nayo usishangae ukaambiwa FT3. Ina maana utagombea nafasi moja na wenzako wote wepesi, mtakalia benchi kwa zamu.

#30 Mfukoni

Miaka 34 najiona mlemavu kwa siri, leo naambiwa ulemavu wangu hautoshi.

#31 Chumbageni Boy

Hahaha Wembe karibu jukwaani. Jifunze kuotea, huko inaruhusiwa.

#32 Mkisumu

Na msisahau boda. Hapa kwetu wadi ya vichwa imejaa vijana wa bodaboda na wateja wao. Refa amesema walioumia kichwa wanaruhusiwa. Nahodha wa Uingereza pale Rio, Jack Rutter, alikuwa kijana wa Birmingham City anaelekea kuwa profesheno, akashambuliwa usiku mwaka 2009, akaumia ubongo na sikio moja likafa. Alikuwa mpira anaujua kabla. Sisi tuna vijana mia namna hiyo, hawajui mchezo upo. Kwa hivyo "hatuna wachezaji" siinunui.

#33 Msemakweli77

Basi ni pesa. Tusizunguke. Charl du Toit wa Afrika Kusini ana CP, alichukua dhahabu mbili Rio, mita 100 na mita 400 daraja la T37. Mkimbiaji mmoja, kocha mmoja, tiketi mbili za ndege. Timu ni wachezaji 14, makocha, daktari, na wa kuwapima madaraja. Waziri yeyote mwenye bajeti ndogo atachagua mkimbiaji. Rio nchi nane, London nchi nane, hakuna hata moja ya Afrika. Hapo ndipo nchi 24 zilipopotelea. Kwa hiyo wazungu walisema mchezo hauna Afrika, na Afrika inasema hakuna Paralimpiki ya kwenda, fedha za nini? Kuku na yai.

#34 Refa Mstaafu

Msemakweli umebadilisha hoja mara tatu, ila hii ya tatu ina uzito. Nasema tu Tembo Warriors hawana Paralimpiki pia. Mpira wa waliokatwa viungo haumo kabisa. Na walikwenda Istanbul. Kuku na yai si lazima.

#35 Mama Wawili

Refa hilo nina jibu lake ila si zuri. Mtu wa mguu mmoja na magongo akipiga mpira, mfadhili anapiga picha. Mwanangu akipiga mpira, mfadhili anauliza, "Huyu naye ana nini?" Nimeshajibu swali hilo kwenye ofisi tatu. Ya tatu wakamwambia atembee hapa tuone. Alitembea. Alikuwa na miaka tisa, akatembea vizuri kadiri alivyoweza kwa sababu alidhani ni mtihani wa kufaulu. Tukakosa.

Na wengine tunawaficha wenyewe, tusisingizie ofisi. Mama mkwe wangu wageni wakija anampeleka mtoto chumbani "apumzike". Sasa hivi binti ana miaka 12, anajibu, "Bibi, sijachoka."

#36 Baba Hamadi

Mama Wawili kumbe nawe unaye! Wangu ni kulia. Wako?

#37 Mama Wawili

Kushoto. Naye mpira. Nilimnunulia doli, akalifanya nguzo ya goli.

#38 Kipa wa Kanyigo

Jamani mimi bado sijajua Paralimpiki waliutoa kwa nini. Nimesoma mabandiko 37.

#39 Mnazi wa Bondeni

Uenezi, mkuu. Nchi 24, kanda tatu.

#40 Msemakweli77

Kisingizio.

#41 Chumbageni Boy

Televisheni.

#42 Baba Hamadi

Wakuu asanteni. Dogo kasoma yote, kasema yeye ni FT2 na asibishiwe. Pia kasema Wembe aje Mbagala wacheze.

Fizio, swali la kando. Njumu nazinunua vipi? Mguu wa kushoto anavaa 37, wa kulia 35. Sasa hivi namnunulia 37, ya kulia tunajaza kitambaa. Ikilowa inavuka, anabaki na soksi.

#43 Fizio wa Bukoba

Ni kawaida, upande ulioguswa mguu hukua mdogo. Usijaze kitambaa, kidole kinajikunja humo ndani na kisigino kinaelea, utaharibu kazi yote ya mazoezi. Kama anavaa plastiki ya kushikilia kisigino, basi ya kulia ipimwe ikiwa na plastiki yake. Wengi hununua jozi mbili.

#44 Baba Hamadi

Jozi mbili za mtoto wa miaka 11 ambaye baada ya miezi sita kashakua. Fizio una kazi ya serikali wewe.

#45 Mama Wawili

Ngoja. Wangu kulia 37, kushoto 35.

#46 Kipa wa Kanyigo

Mmeona??

#47 Refa Mstaafu

Jozi mbili, watoto wawili, hakuna kiatu kinachobaki.

#48 Baba Hamadi

Mama Wawili uko wapi?

#49 Mama Wawili

Tandika, karibu na soko. Shida ni moja, lazima ziwe za aina moja, 37 na 35, na mitumba haipangwi hivyo. Mtu anakuletea jozi, hakuletei familia. Ntawaambia wauzaji waniwekee.

#50 Baba Hamadi

Kesho nashuka Tandika baada ya kazi. Dogo anataka nyekundu.

#51 Mama Wawili

Nyekundu haiingii nyumba hii. Binti ni Yanga.

#52 Mfukoni

Nyeusi?

#53 Baba Hamadi

Nimemuuliza. Kanuna, ila kasema nyeusi sawa kama kamba ni nyekundu. Yako utafunga unazotaka. Jumamosi jioni wanacheza uwanja wa shule hapa karibu, mlete. Wembe na wewe, mkono toa mfukoni, tuko pungufu ya kipa.

#54 Kipa wa Kanyigo

Kipa mnaye humu, nauli tu ya kutoka Kanyigo.

#55 Msemakweli77

Kabla hamjaufunga uzi, naomba mtu aniorodheshee hizo nchi 24.